Mgeni wa Siku Mbili: Uhakiki wa Mji wa Lowell na Waandishi Wake

Wazee wetu walisema kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Methali hii yatumika aghalabu kumfunza mgeni asimlemee mwenyeji wake, lakini mhakiki wa maandishi ya safari aweza kuichukua kwa kazi nyingine. Siku mbili za kwanza mgeni huonyeshwa nyumba iliyofagiwa. Hupewa kiti, maji na maneno mazuri. Siku ya tatu, akiisha kushika jembe, ndipo ajuapo nyumba ile huishi kwa kitu gani, nani huamka wa kwanza, na nani hulala wa mwisho. Basi juu ya kila kitabu cha safari twaweza kuuliza: Mwandishi wake aliondoka siku ya ngapi?

Swali hili lina haja zaidi katika zama zetu, maana umeenea sana mtindo wa insha za matembezi ya mwisho wa juma. Mwandishi hufika mjini Jumamosi asubuhi, huondoka Jumapili jioni, na Jumatatu habari zake ziko tayari. Miji ipendwayo na waandishi hawa ni ile iliyokuwa ya viwanda, ikaanguka, kisha ikainuliwa tena: Manchester huko Uingereza, Bilbao huko Hispania, Essen huko Ujerumani. Insha zenyewe hufanana kama shanga za uzi mmoja. Kwanza moshi na masizi. Kisha milango iliyofungwa na vijana wasio na kazi. Kisha ghala la zamani limekuwa makumbusho, na kando ya mfereji uliokuwa ukinuka watu wanywa kahawa. Ni hadithi ya mauti na ufufuo, na mgeni hufika daima siku ya ufufuo.

Sikusudii kuidharau namna hii ya uandishi. Nataka kuipima kwa mji mmoja, nao ni Lowell, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, mji huu ulitembelewa na mgeni mashuhuri mno miaka mingi kabla ya mtindo wa leo, na maandishi yake yako mbele yetu pamoja na maandishi ya wenyeji, hata twaweza kuyalinganisha. Ya pili, kazi ya viwanda vya jimbo hilo iliacha neno katika lugha yetu. Nguo ya pamba nyeupe, nzito, isiyopaushwa, iliyoletwa Unguja kwa merikebu, tuliiita merikani.

Yafaa kwanza kueleza mji wenyewe. Mto Merrimack huporomoka mahali paitwapo Pawtucket kwa kimo cha kama mita 10. Wafanya biashara wa Boston waliona nguvu ya maji yale. Mwaka 1822 walianza kampuni ya Merrimack, wakaajiri watu wa Ireland kuchimba na kupanua mifereji, na mwaka 1823 nguo ya kwanza ikafumwa. Mji uliitwa kwa jina la Francis Cabot Lowell, aliyekwisha kufa mwaka 1817, ambaye ndiye aliyeanzisha mpango wa kusokota na kufuma chini ya dari moja. Kufikia mwaka 1840 Lowell ulikuwa na watu zaidi ya 20,000. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wasichana kutoka mashamba ya New England. Kampuni ziliwaweka katika mabweni chini ya mama msimamizi, zikaamuru waende kanisani, na milango ikafungwa saa nne usiku. Kazi ilianza na kengele alfajiri na kumalizika na kengele jioni. Siku ya kawaida ilikuwa ya saa 12 na zaidi.

Mwezi wa Februari 1842 Charles Dickens alifika Lowell kwa gari la moshi kutoka Boston. Alikaa siku moja tu. Katika kitabu chake “American Notes”, kilichotolewa mwaka ule ule, aliupa mji huu na safari ya kuuendea sura nzima. Alipita katika viwanda kadhaa, akatazama wasichana wakirudi kazini baada ya chakula, akasifu usafi wa mavazi yao na afya yao. Kisha aliwaambia wasomaji wake wa Uingereza mambo matatu aliyojua yatawashangaza: kwamba mabweni mengi yana piano, kwamba karibu wasichana wote ni wanachama wa maktaba za kuazimisha vitabu, na kwamba wao wenyewe hutoa jarida, “The Lowell Offering”, ambalo alilisoma kurasa mia nne toka mwanzo hata mwisho.

Sura hii yastahili sifa. Dickens alijua viwanda vya kwao, na utoto wake mwenyewe ulionja kazi ya kiwanda. Alikuja na swali moja la haki: Je, ni lazima mfanyakazi awe mchafu, mjinga na mwenye huzuni? Lowell ulimjibu kuwa si lazima. Aidha, alikataa dharau ya matajiri waliosema kuwa piano na vitabu si vya watu wa hali ile. Aliuliza hali ile ni hali gani. Mwandishi wa siku moja aliyesoma kurasa mia nne kabla ya kuandika amewazidi waandishi wengi wa leo wenye siku mbili.

Lakini tuisome sura hiyo tena, polepole. Mwanzo wake waeleza gari la moshi lenyewe, na humo Dickens asema kuwa kuna behewa la watu weusi, maana mweusi hasafiri pamoja na mweupe. Alieleza kwa kejeli jinsi behewa lile lilivyo baya. Kisha gari lafika Lowell, behewa lile latoweka katika maandishi, na viwanda vyaanza. Katika sura ile hatuambiwi pamba iliyojaa vyumba vile ilitoka wapi. Ilitoka majimbo ya kusini, ikachumwa na watumwa. Tena baadhi ya nguo za Lowell zilikuwa duni kwa kusudi, zikarudishwa huko huko kusini kuwavika watumwa hao. Ajabu ni kuwa Dickens hakuwa mtu wa kuunyamazia utumwa. Kitabu kile kile, karibu na mwisho wake, kina sura kali ya kuulaani. Utumwa umepewa sura yake, na Lowell sura yake, na baina ya sura hizo mbili hapana uzi. Uzi wenyewe ulikuwa mbele ya macho yake, ukizunguka kwenye maelfu ya vijiti.

Hapa ndipo penye kasoro ya mgeni wa siku mbili, na si pale ambapo watu hudhani. Watu husema kuwa mgeni hukosea kwa sababu haoni mengi. Dickens aliona mengi, tena aliyaona vizuri. Kosa lake ni la mpango wa kitabu: kila mahali pamekuwa kituo, na kila kituo kimekuwa kisa kilichokamilika. Msafiri husogea, vitu anavyovitazama hukaa kama vile havikupata kusafiri.

Je, mwenye jembe aliandika vizuri zaidi? Twende kwenye “The Lowell Offering”, lililotoka baina ya mwaka 1840 na 1845. Waandishi wake walikuwa wasichana wa viwandani, na fahari yao yatugusa hata leo: mtu aliyesimama mbele ya mitambo tangu alfajiri aketi usiku kutunga hadithi. Walakini jarida hili lilizungumza kwa sauti ya nusu. Mwaka 1834 wasichana wa Lowell waligoma kwa sababu ya kupunguzwa mshahara, na mwaka 1836 waligoma tena kwa sababu ya kupandishwa gharama ya chakula na malazi. Mambo ya namna hii hayakupata nafasi kubwa katika jarida. Mwaka 1845 Sarah Bagley, mfanyakazi na kiongozi wa chama cha wanawake cha kutaka matengenezo ya kazi, alisema hadharani kuwa maandishi yake ya kulaumu viwanda yalikataliwa. Mhariri Harriet Farley alikana. Wafanyakazi wakageukia gazeti jingine, “Voice of Industry”, wakapeleka kwa baraza la jimbo maombi yenye sahihi nyingi wakitaka siku ya kazi iwe ya saa 10. Baraza lilikataa kutunga sheria. Wanawake wa Massachusetts waliipata sheria hiyo mwaka 1874, takriban miaka 30 baadaye.

Basi kushika jembe peke yake hakutoshi. Mwenyeji naye hufagia nyumba mgeni anapokuja, na pengine mwandishi wa ndani huficha zaidi kuliko mwandishi wa nje, kwa kuwa ana heshima ya kulinda. Wasichana wale waliitwa watumwa wa mitambo na watu waliowaonea huruma, na watu wa kazi duni na watu waliowadharau; walitaka kuonekana waungwana. Twawaelewa. Lakini mhakiki hana budi kuyaona mambo mawili pamoja: jarida lilikuwa ushahidi wa akili zao, na lilikuwa pia pazia la kazi zao. Dickens alisoma kurasa mia nne za pazia.

Waandishi wawili wa Lowell waliandika tena baadaye, wakiwa watu wazima. Lucy Larcom, aliyeingia kiwandani akiwa mtoto wa kama miaka 11, alitoa “A New England Girlhood” mwaka 1889. Harriet Hanson Robinson, aliyeanza akiwa na miaka 10 kwa kazi ya kuondoa vijiti vilivyojaa uzi na kutia vitupu, alitoa “Loom and Spindle” mwaka 1898. Vitabu vyote viwili vina ulaini wa kumbukumbu za ujana, na msomaji mkali atapunguza sukari kidogo. Hata hivyo vina mambo ambayo mgeni asingeweza kuyapata. Robinson aeleza mgomo wa mwaka 1836: wasichana wa chumba chake walisitasita, yeye akiwa mtoto wa miaka 11 akasema kuwa atatoka hata kama hapana atakayemfuata, na alipogeuka aliona mstari mrefu nyuma yake. Larcom naye, kwa kuwa vitabu vilikatazwa kazini, alibandika vipande vya mashairi kwenye dirisha alipokaa. Mistari hiyo yatufunza zaidi juu ya maktaba za Lowell kuliko sifa zote za maktaba. Yatuonyesha kuwa kusoma kulikuwako, tena kulikuwa kwa kuiba.

Larcom alitunga pia shairi liitwalo “Weaving”, ambamo mfumaji kando ya mto Merrimack huwafikiri wanawake watumwa walioichuma pamba anayoifuma. Hapa ule uzi uliokatika katika kitabu cha Dickens umeunganishwa. Tusidanganyike kuwa uliunganishwa na muda peke yake, maana maelfu walifuma kwa miaka mingi wasiuone. Uliunganishwa na mtu aliyekishika kitu mkononi na kuuliza kilitoka kwa nani. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha maandishi ya safari, nacho hakihesabu siku.

Sasa tuje kwa Lowell wa leo, maana mji nao ni kitabu, na makumbusho ni uandishi. Katika karne ya 20 viwanda vilihamia kusini karibu na pamba na kwenye mishahara midogo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 karibu kampuni zote kubwa za mwanzo zilikuwa zimefunga. Baadhi ya majengo yalibomolewa. Kisha watu wa mji, akiwemo mwalimu Patrick Mogan, wakafikiri kuwa historia iliyowaaibisha yaweza kuwa mali. Paul Tsongas, mzaliwa wa Lowell aliyekuwa mbunge, aliisimamia sheria iliyoufanya mji kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1978. Makumbusho ya kiwanda cha Boott yalifunguliwa mwaka 1992. Mwaka huo huo kampuni ya kompyuta ya Wang, iliyokuwa imeuinua mji kwa ajira nyingi, iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Jambo hili laonya kuwa mji huweza kufufuka na kuanguka katika mwaka mmoja, na kwamba neno “kufufuka” latakiwa litumiwe kwa hadhari.

Mgeni atokaye Boston Jumamosi hufika kwa treni kwa muda usiofika saa moja. Huingia katika chumba cha mitambo cha Boott, ambako mitambo mingi ya kufumia iliyoundwa mwanzoni mwa karne ya 20 huendeshwa kwa umeme. Hupewa vizibo vya masikio. Sakafu hutetemeka, na mtu hawezi kumsikia jirani yake. Ukurasa huu wa makumbusho ni bora kuliko yote, kwa sababu hausemi neno. Kelele zenyewe ndizo hoja. Lakini una upungufu wa umbo ambao hapana mlezi wa makumbusho awezaye kuuondoa. Mgeni hutoka baada ya dakika chache, kwa mlango alioutaka mwenyewe. Hakuna joto la madirisha yaliyofungwa ili uzi usikauke ukakatika, hakuna vumbi la pamba la miaka mitano kifuani, hakuna msimamizi. Kelele bila saa 12 zake ni neno lililotolewa katika sentensi.

Haifai kusema kuwa hifadhi imenyamaza juu ya utumwa na migomo. Yenyewe hueleza yote mawili, tena kwa uaminifu kuliko insha nyingi ziandikwazo juu yake. Ni waandishi wa matembezi wanaopita mbele ya maelezo hayo wakielekea kwenye mashua ya mfereji. Vivyo hivyo juu ya wakazi wa leo. Watu wa Kambodia waliokimbia mauaji ya utawala wa Khmer Rouge walikaa Lowell kwa wingi katika miaka ya 1980, wakawa mojawapo ya jamii kubwa za watu wao katika Marekani. Katika insha za mwisho wa juma hao hutajwa katika aya ya vyakula. Mgeni amekula kwao. Hakuuliza walikuja kufanya kazi gani, wala ni nani aliyekuwa akiifanya kabla yao.

Yatupasa sisi pia tujihoji, maana merikani haikuishia bandarini. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 balozi wake wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja. Merikebu za Salem zilileta nguo, zikarudi na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi. Merikani ilipanda bara katika misafara, ikapimwa kwa mikono, shuka na doti, ikawa fedha. Burton aliitaja miaka ya 1850, na Stanley aliihesabu katika mizigo yake ya mwaka 1871. Vita vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 viliisimamisha mitambo ya Lowell kwa kukosa pamba. Vita hivyo hivyo vilileta upungufu wa merikani Unguja, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikapata mwanya. Mtu wa Tabora aliyeona bei ya nguo ikipanda alikuwa, asijue, akisoma habari za Lowell.

Na ndani ya maandishi yetu wenyewe mwisho wa pili wa uzi ule waonekana. Katika “Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip”, bidhaa hutoka pwani kwa mkopo, na pembe hurudi. Katika “Safari za Wasuaheli”, zilizokusanywa na Velten na kutolewa mwaka 1901, Sleman bin Mwenye Chande asimulia njia ya bara pamoja na hongo zake. Salim bin Abakari, katika kitabu hicho hicho, asimulia safari ya Urusi na Siberia aliyoifanya mwaka 1896 akimfuata bwana wa Kijerumani. Nathubutu kusema kuwa msafiri huyu apaswa kusomwa kando ya Dickens. Alisafiri kwa kazi. Jembe lilikuwa mkononi mwake tangu siku ya kwanza. Lakini waandishi hawa wote watatu wana ukimya wao. Nguo kwao ni kitu cha kulipia, kama ilivyokuwa kwa Dickens kitu cha kufumwa. Hapana aliyeuliza ni nani aliyeichuma pamba yake, na pembe zilizolipwa kwa nguo hiyo hazikubebwa daima na watu huru.

Huenda msomaji akasema: Insha ya matembezi ni ya kuburudisha, kwa nini kuitwika mzigo wa ulimwengu mzima? Jibu langu ni kwamba siitwiki cho chote isichokibeba tayari. Insha hizi haziuzi hoteli peke yake. Zinauza fundisho, nalo ni kuwa taabu ya zamani imekwisha na imelipwa kwa uzuri wa leo. Fundisho hilo ni kubwa kuliko siku mbili, na anayelitoa atawajibika kulithibitisha. Mwandishi asiyetaka mzigo huo na aseme tu chakula kilikuwa kitamu, hapo hatutamdai. Wala simtaki akae mwaka. Namtaka achague kitu kimoja alichokiona, kipande cha kitambaa, tofali, au sahani ya wali, akifuate nyuma hatua mbili na mbele hatua mbili, ndipo aandike. Larcom alifanya hivyo bila kuondoka penye mtambo wake.

Neno merikani lingali katika kamusi zetu, ingawa nguo yenyewe imekwisha kupita. Kwa sababu ya neno hilo mwanafunzi wa Kiswahili aingiapo katika chumba kile cha Boott haingii kama mgeni mtupu. Ana haki ya mteja wa zamani wa nchi ile, na ana deni la mteja. Avue vizibo vya masikio kidogo, kisha amwulize mwenyeji wake: Majora ya nchi hii yalikwenda wapi, nani aliyavaa, na ni kitu gani kilichorudi katika merikebu mahali pake?